Jioni nne za msiba ambazo sikwenda: kisa cha mdogo wangu na vazi la njano

Meseji iliingia LINE, app ya meseji kama WhatsApp, huku kila kitu ni LINE, saa nne kasoro dakika ishirini usiku, jumatatu, mwezi wa tatu, ule mwezi wa moshi ambao mashamba na misitu ya kaskazini mwa Thailand inachomwa na Chiang Mai nzima inakohoa, na mlima Doi Suthep ambao siku zote uko pale juu ya mji unapotea kabisa kama umefutwa na raba. Ilikuwa fupi tu. "Phi, mae ui amefariki. Wanataka nivae njano siku ya kumchoma. Nifanyeje?"

Nieleze maneno kwanza maana bila hayo kisa hakieleweki. Phi ni dada au kaka mkubwa, mkubwa yeyote hata kama hamjazaliwa pamoja, na yeye kwangu ni nong, mdogo wangu, kwahiyo humu nitamwita Nong tu, ameniruhusu nisimulie ila jina lake na kijiji chao nimeviacha. Mae ui ni bibi kwa lugha ya kaskazini. Kumchoma ni kuchoma maiti badala ya kuzika. Kuvaa njano ndo kisa chenyewe, nitafika.

Mi ni mtoto wa Old Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa, wakati huo nilikuwa na miaka 26 na nimekaa Thailand mwaka na miezi kadhaa. Asubuhi nafundisha Kiingereza, jioni nakaa na vijana wa hosteli ya kanisa, wengi wametoka milimani kuja kusoma mjini, tunapika pamoja, jumatano tunasoma Biblia, jumamosi tunatembelea watu. Nyumbani watu wanadhani umisionari ni kuhubiri, kusema kweli siku nyingi ni kupambana na lugha, Kithai kina toni tano, neno moja tu maa ukibadilisha sauti ni njoo, au mbwa, au farasi, na neno phra hilohilo wanaloita mtawa wa hekaluni na sanamu ya Buddha ndo hilohilo sisi tunalotumia kwa Mungu, Phra Chao, na kwa Yesu, Phra Yesu. Sasa ukisimama ukasema neno hilo, kilichofika masikioni kwa mtu ni kipi? Nimeuliza hilo swali mara nyingi kwenye maombi.

Nong alikuwa na miaka 19, mtoto pekee wa kiume kwa mama yake, alibatizwa krismasi iliyotangulia na ni Mkristo peke yake kwenye ukoo mzima. Thailand Wabudha ni zaidi ya asilimia 90, Wakristo wa madhehebu yote tukijumlishwa ni kama mtu mmoja kwa mia, na hii si kwa sababu injili imechelewa, wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti waliingia Bangkok 1828, ni karibu miaka 200. Kijana akibatizwa huku watu wa kwao hawasikii kwamba amepata imani, wanasikia kwamba ameacha kuwa Mthai, amechukua dini ya wazungu. Mimi Mwafrika nikitokea hapo ndo wanachanganyikiwa zaidi.

Nilimjibu ndani ya dakika nne. Najua ni nne kwa sababu saa za meseji zote mbili bado zipo kwenye simu na nimeziangalia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliandika pole sana mdogo wangu, ila hapa hakuna njia mbili, soma Kutoka 20:3, usiwe na miungu mingine ila mimi, Mungu atakutia nguvu usikubali. Akajibu "khrap phi", yaani ndiyo dada, na stika ya dubu anayeinama. Nikaomba, nikalala, na nililala vizuri.

Jumamosi mchana, siku ya kuchoma, nikaenda. Nikamkuta amenyolewa kichwa na nyusi, amevaa njano, amesimama mbele ya jeneza kashika uzi mweupe.

Wanaita buat na fai, kuvaa utawa mbele ya moto. Akifa mzazi au bibi au babu, mtoto wa kiume au mjukuu anaingia utawa asubuhi ya siku ya kuchoma, anatangulia msafara akiwa ameshika uzi uliofungwa kwenye jeneza, moto ukishawaka na shughuli ikaisha anaweza kulivua jioni ileile au akakaa siku chache. Aliye chini ya miaka 20 anakuwa mtawa mdogo, nen, mwenye amri kumi, ukifika 20 unaweza kuwa mtawa kamili mwenye amri 227. Thawabu ya tendo hilo, bun, inamwendea marehemu, kwao ni kama kumpa bibi nauli ya safari yake. Na kuna upande wa mama. Mwanamke Thailand hawezi kuwa mtawa kamili anayetambulika, mkuu wa watawa wote wa nchi alipiga marufuku tangu 1928, kwahiyo mama anachotegemea ni mwanae, wana msemo kabisa kwamba mama atashika pindo la vazi la njano la mtoto wake afike mbinguni. Mama mwenye mtoto mmoja wa kiume ana pindo moja.

Haya yote niliyajua kwa kusoma. Kitabu kilikuwepo chumbani kwangu.

Kulikuwa na joto kali na moshi umetanda, nikaona midomo yake imekauka, nikachukua chupa ya maji baridi nikamfuata kama nilivyozoea, huyu mtoto nimempikia chapati, nimempiga mgongoni akifaulu mtihani. Akarudi nyuma hatua nusu akaangalia chini. Mtawa hapokei kitu mkononi kwa mwanamke, hata nen. Mjomba wake akaichukua ile chupa kwangu akampa yeye, hatua mbili tu pale. Halafu nikaona mama yake anakuja, anapiga magoti, anaunganisha viganja anampa mwanae heshima ya wai, na Nong haijibu kwa sababu mtawa hairudishi wai ya mtu wa kawaida hata awe mama yake mzazi. Baadae alinisimulia asubuhi yake ilivyokuwa, mama ndo alikata kishungi cha kwanza cha nywele kwa mkasi, zikapokelewa kwenye jani la yungiyungi, na mkono wa mama ulikuwa unatetemeka mpaka mkasi ukamgusa sikio, na ilikuwa mara ya mwisho mama kumgusa mpaka alipolivua jioni.

Jumapili hakuja kanisani. Jumapili iliyofuata hakuja. Hosteli aliaga kwa meseji kwamba atakaa nyumbani kwanza, mimi nikimwandikia anajibu khrap phi, khrap phi, na yule dubu.

Sasa nianze kuchambua, na naanza na jambo ambalo wenzangu wawili tuliojadili nao waliona nimelegea. Sijabadilisha msimamo kuhusu lile vazi. Si nguo tu. Kuingia utawa mtu anatamka kwa Kipali kwamba anamkimbilia Buddha, anakimbilia mafundisho yake, anakimbilia jamii ya watawa, hiyo ni kiri ya imani na Mkristo ana kiri yake tayari. Mtu ananiletea habari ya Naamani kwenye 2 Wafalme 5, aliyeomba asamehewe akiinama hekaluni mwa Rimoni na Elisha akamwambia enenda kwa amani, naipenda sana hiyo habari lakini Naamani alikuwa anainama kwa sababu mfalme ameegemea mkono wake, hakutamka yeye mwenyewe kitu. Kwahiyo ningeulizwa leo ningesema bado natamani asingevaa. Ninachokichambua hapa ni namna nilivyojibu na kile ambacho sikufanya.

La kwanza, sikusikia swali. "Nifanyeje" niliisikia kama "je inaruhusiwa". Nong alishajua hairuhusiwi, ndo maana aliuliza. Alichokuwa anatafuta ni atasemaje na mama yake, maneno gani, aanzie wapi, nani amsindikize, kijana wa miaka 19 na wajomba wanne wamekaa sebuleni na maiti ya bibi iko palepale. Mimi nikampa hukumu, na hukumu haiwezi kupelekwa kwa mama. Nimtumie aya ya 3 wakati kwenye ukurasa uleule kuna aya ya 12, waheshimu baba yako na mama yako, na kwa Mthai hiyo aya ya 12 ndo kila kitu, wanaita katanyu, kutosahau uliyetendewa, mtu asiye nayo hahesabiki kuwa mtu. Nilimwacha achague kati ya aya mbili za sura moja, peke yake, saa nne usiku.

La pili, ile khrap. Waswahili tungeielewa haraka tungetulia, ni kama haya. Ukimwambia mtu jambo akakujibu "haya dada" unajua kabisa kwamba hajakubali, amekuheshimu tu hataki kukuvunja. Huku wana neno lake, kreng jai, kumstahi mtu mpaka unashindwa kumpa uzito wako. Alinistahi mimi akasema khrap, akawastahi wajomba akasema khrap, halafu akabaki na khrap mbili zinazopingana ndani ya kifua kimoja, na aliyekuwa karibu naye kwa mwili ndiye aliyepewa. Baada ya hapo akawa hawezi kunitazama. Hakukimbia kanisa kwa sababu ameiacha imani, alikimbia uso wangu.

La tatu ndo kubwa na ndo lililonifanya niandike. Bibi alifariki jumatatu. Jumanne walimwosha, wanamwagia maji yenye manukato mkononi mmojammoja kama kumuaga. Kuanzia jumanne mpaka ijumaa kila jioni watawa wanne walikaa wakaimba, wageni wakala uji wa wali wakaondoka, na hawakuchoma ijumaa kwa sababu jina la ijumaa kwa Kithai linasikika kama neno la furaha na watu hawachomi maiti siku hiyo, wakasogeza jumamosi. Jioni nne. Nauli ya gari jekundu mpaka njia panda ya kwao si kitu, na hapo kutembea dakika kumi. Sikwenda hata moja. Niliogopa. Niliogopa watanipa ubani nichome, niliogopa nikae wapi watu wakiinama, niliogopa kuonekana, nikajiambia nawapa nafasi wafiwa.

Mchagga mimi. Nimelelewa kwenye misiba, kwetu unakwenda usiku wa kwanza hata kama na marehemu mlikuwa hamsalimiani, unakalia benchi, unaosha sufuria, unakoka moto, watu wanahesabu nani kaja na nani hajaja na wanakumbuka miaka ishirini. Hakuna mtu aliyenifundisha hilo kwenye mafunzo ya kuja huku, tulipewa siku tatu nzima za kusoma habari za sanamu na hakuna saa moja ya msiba, lakini sikuhitaji kufundishwa, nilikuja nalo kutoka nyumbani, nikalivua uwanja wa ndege.

Wiki ya tatu Nong hajaonekana nikaenda kwa mama mmoja mzee wa kanisa letu, mwanamke wa miaka sabini na, yeye kazaliwa Mkristo lakini mume aliyempata alikuwa Mbudha na misiba ya upande wa pili kaizika mingi. Nikamsimulia nikilia. Hakunilaumu, akaniuliza tu kama namjua Noi Sunya. Nikasema namjua, shahidi. Kila Mkristo wa Chiang Mai anaijua hiyo habari, McGilvary na mkewe walifika 1867 kuanzisha misheni, kanisa likaanza 1868, na 1869 mtawala wa mji Kawilorot akaagiza wauawe Wakristo wawili, Noi Sunya na Nan Chai. Akaniuliza unajua noi maana yake nini? Sikujua. Nan huku kaskazini ni cheo cha mtu aliyewahi kuwa mtawa kamili akatoka, noi ni wa aliyewahi kuwa nen. Wote wawili walikufa kwa ajili ya Kristo wakiitwa kwa jina la vazi la njano, na muumini wa kwanza kabisa wa hapa, Nan Inta, hivyohivyo.

Nilikaa kimya muda. Najua tofauti yake, wale walivaa kabla ya kuamini na Nong alivaa baada, mama mzee naye anajua. Lakini mimi kichwani nilikuwa nimeshamwandika Nong kama aliyepotea na kuanza kupanga namna ya kumrudisha kundini, kwetu Walutheri tuna utaratibu wake, na babu yangu mdogo aliwahi kutengwa miaka miwili mezani kwa Bwana kwa kula nyama ya tambiko la baba yake, alirudi kanisani lakini hakuwahi tena kukaa mabenchi ya mbele. Na hiyo ni Old Moshi, pale alipokaa Bruno Gutmann miaka mingi mpaka 1938, Mjerumani aliyehangaika maisha yake yote akisema ukoo, ujirani na rika za Wachagga zisivunjwe bali kanisa lijengwe humohumo. Hata pale kuna watu walikatwa. Nikaona nilichomfanyia Nong ni kilekile alichofanyiwa babu, ila mimi nilitumia simu.

Mama mzee akanieleza wanavyofanya wao. Msiba ukitokea kwa familia ya muumini wanakwenda kundi zima jioni ya kwanza, wanakaa viti vya nyuma, watawa wakiimba wanatulia kwa heshima, ubani hawachomi lakini wanasimama mbele ya picha ya marehemu wanainamisha kichwa wanamwombea mfiwa, wanatoa bahasha, rambirambi hii yetu kabisa, halafu wanaingia jikoni kuosha vyombo. Jioni ya pili wanarudi. Ndipo mmoja wao, mtu mzima, anakaa na mama mfiwa pembeni kumwambia kijana wetu hataweza kuvaa, lakini picha ya bibi ataibeba yeye, chakula cha wageni jioni moja atalipia yeye, msafarani atatembea karibu na jeneza. Kuna familia zinakubali, binamu anavaa. Nyingine zinakataa na kijana anavaa, na wao wanabaki jikoni vilevile. Hili la ukoo na mizimu na Ukristo si geni, akasema, hata ile amri ya mfalme ya 1878 iliyowapa watu uhuru wa dini huku kaskazini ilitokana na harusi ya Wakristo iliyozuiwa kwa sababu mkubwa wa ukoo alitaka kwanza malipo ya mzimu wa familia. Wamekaa na hii kitu miaka yote hiyo. Mimi nilikaa nayo dakika nne.

Yeye ndiye alimfuata Nong, si mimi. Alikwenda na mchele wa kunata na nyama ya kukaanga, akakaa na mama yake kutwa nzima, sijui waliongea nini. Jumapili iliyofuata Nong akaja, nywele zimeota kama brashi, nyusi bado bado, akakaa nyuma, nami sikumwambia neno kuhusu vazi. Nilimwomba msamaha kwamba nilimwacha peke yake. Akasema mai pen rai, haina neno, na safari hii nilijua kwamba ina neno, nikasema tena, akanyamaza, halafu akasema, ungekuwa umekuja phi, ningeweza kusema.

Songkran ikafika, tarehe 13 mpaka 15 mwezi wa nne, mwaka mpya wao. Watalii wanajua kumwagiana maji barabarani, lakini kaskazini moyo wa siku zile ni dam hua, vijana wanakwenda kwa wakubwa wao na bakuli la maji yaliyowekwa maganda ya som poi, harufu yake kama ya ukwaju uliochomwa, wanamwagia mkubwa mikononi taratibu na kuomba radhi kwa walichokosea mwaka mzima, kwa kujua na kutokujua, na mkubwa anawabariki. Kanisani kwetu tunawafanyia wazee wetu pia. Nong akaniuliza kama nitakwenda kwao.

Mama yake alikaa kwenye mkeka ukumbini, picha ya mae ui ukutani na shada la yasmini. Nilipiga magoti, nikahakikisha miguu imekunjwa nyuma isimwelekee mtu, nikamwaga maji mikononi mwake. Mikono ya mama wa shamba, migumu, na kidole kimoja cha mkono wa kulia hakinyooki. Nikasema kwa Kithai nilichokuwa nimekariri wiki nzima, kwamba naomba radhi sikuja msibani. Sikuongeza sababu.

Akashika mikono yangu na ya kwake ikiwa imelowa. Akasema, "Zile jioni nne nilikuwa naangalia mlangoni. Nong aliniambia ana dada yake mmoja anatoka mbali, atakuja."

Halafu akanibariki, niwe na afya, wazazi wangu wawe na afya, nipate mume mzuri, akatuamuru tule.

Mwezi wa sita jirani yao akafariki. Aliyenitumia meseji safari hiyo hakuwa Nong, ni mama yake, aliandika jina la hekalu na saa ya watawa kuanza kuimba. Nikaenda jioni ya kwanza. Jikoni nikamkuta ameshanitolea beseni langu la kuoshea vyombo.